Zimepanda

Benchi letu liko kati ya banda langu la ushonaji na saluni ya Kinyozi, na tangu Kinyozi anunue hisa za kampuni ya intaneti, benchi halikaliki. Zamani alikuwa akitusalimia kama watu. Siku hizi anatoa kichwa mlangoni, simu mkononi, anasema "Zimepanda," anarudi ndani. Mimi roho ilikuwa ikiniuma, sifichi. Tulianza kazi pamoja, yeye na mkasi wake, mimi na wangu. Nilikuwa nimeshakubali kuuza cherehani ili na mimi ninunue hizo hisa, na mnunuzi angekuja kuichukua jioni ileile.

Asubuhi ya siku hiyo kahawa ndiyo kwanza imemiminwa, Kinyozi akachungulia, akasema neno lake, akapotea.

— Aliye juu mngoje chini, akasema Breki, dereva mstaafu.

Profesa, fundi simu aliyeacha chuo mwaka wa kwanza, akatueleza kwamba kampuni yenyewe haina hata duka, iko hewani tu. Kila mtu akiwasha data popote alipo, mwenye hisa anapata chake. Breki akaweka kikombe chini.

— Kwa hiyo nikimtumia binti yangu picha, namlisha Kinyozi?

— Kwa namna fulani.

— Basi nazima.

Akazima kweli, tena akatuamuru na sisi tuzime, hisa zishuke kabla ya mchana. Profesa akazima. Mimi nilisita, maana kama jioni nanunua, si najizimia mwenyewe? Lakini wivu ulikuwa umeshanishika, nikazima.

Breki alikuwa anataka tuzimishe mtaa mzima, eti haba na haba hujaza kibaba, ndipo akatokea shemeji, mke wa Kinyozi, na shati la mumewe. Kola imelika, anaomba niifumue niigeuze, upande mzima uje juu.

— Hongera, shemeji, nikasema kwa shida. Tunasikia zimepanda.

— Hata mimi nasikia. Aliuza mashine mbili za kunyolea akanunua hizo hisa, na kila siku naambiwa zimepanda. Sasa nyie shemeji zangu ndio wajuzi, hebu niambieni: zinashukaje mpaka zifike jikoni?

Tukamgeukia Profesa. Profesa akaitoa simu atafute jibu, akakumbuka amezima data, akairudisha mfukoni. Hakuiwasha.

— Unajua, aliye juu... akaanza Breki.

— Anayengoja chini ni mimi, baba. Nauliza zinashukaje.

Birika likaishia hapo, na hakuna aliyeagiza jingine. Shemeji akaniachia shati, akaenda zake.

Jioni mnunuzi alipokuja na mkokoteni wake, alinikuta nimeinamia cherehani. Nikamwambia anisamehe, siuzi tena, nina kola ya tajiri naigeuza.