Bukuru Yupi Aandikwe Mlangoni?

Kijiwe chetu cha Rusimbi kina benchi moja refu lenye miguu ya mataruma ya reli, na kila mtu ana sehemu yake. Upande wa barabarani anakaa Mzee Lukas, tunayemwita Redio. Alifanya kazi stesheni ya Kigoma mpaka akastaafu. Habari hazimpiti, na zikimpita huzitunga mwenyewe. Katikati anakaa Mwinshehe, mvuvi, ambaye baba yake alivuka ziwa kutoka Kongo. Huyo ni Kasia. Upande wa mwisho, karibu na jiko la Hamdani muuza kahawa, ni wangu. Mimi naitwa Brashi, kwa sababu mabango ya mji huu nayaandika mimi: ya maduka, ya mitumbwi, ya tawi la TANU. Siku ninayoisimulia ni ya Desemba 1971. Uhuru ulikuwa unatimiza miaka kumi keshokutwa yake, na kijiwe kilikuwa kimepewa kazi kwa mara ya kwanza tangu kiwepo.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa tumejenga darasa la kisomo cha watu wazima kwa msaragambo, kila nyumba ikatoa mtu wa kubeba matofali. Pastory, katibu wa tawi, alitaka jina juu ya mlango, jina la marehemu aliyewafaa watu wa hapa. Mkutano ulikaa mara mbili ukavunjika. Asubuhi hiyo akaja kwetu akasema kwamba sisi hubishana kila siku bure, basi leo tubishane kwa faida, na jibu alitaka kabla ya adhana ya alasiri ili rangi ipate kukauka.

Ajabu ni kwamba sote watatu tulikuwa na mtu wetu, na wote watatu walikuwa Bukuru. Hawakuwa ndugu. Bukuru ni jina ambalo Waha humpa pacha anayetangulia kuzaliwa. Mtu hukua nalo, akiandikishwa kazini au chamani linakuwa ndilo jina lake la mwisho. Mimi, kwa kujiona mjanja, hata kabla ubishi haujaanza nilikuwa nimeshaandika BUKURU kwa herufi kubwa upande wa kulia wa ubao, maana hapo hapakuwa na ubishi. Kushoto nikaacha wazi, jina la kwanza lije lijae. Ubao ulikuwa huo huo mmoja wa mninga, na rangi nyeupe ilikuwa imebaki kidogo tu ndani ya kopo.

Redio ndiye aliyeanza, kama kawaida yake.

Redio: Andika Kalisti. Kalisti Bukuru, fundi wa mitambo melini. Injini ikizima katikati ya ziwa, yeye anaisikiliza tu kwa sikio, anaigonga pa! Inawaka.

Kasia: Mzee, wewe ulikuwa stesheni. Hiyo injini uliisikia wapi?

Redio: Nilikuwemo. Mwaka ule wa dhoruba nilikuwa na mke wangu na watoto wanne. Kama si Kalisti, hapa ungekaa peke yako na huyu Brashi.

Kasia akakubali, kwa sababu mvuvi haifanyii dhoruba mzaha. Kisha akasema na yeye anashukuru, lakini wa kwake ni Melania Bukuru, mkunga wa Bangwe.

Kasia: Watoto wangu saba, wote kawapokea mama yule. Wa nne alikuja na miguu mbele. Miye nilishaanza kulia nje. Akatoka akaniambia, baba, futa macho, kuna mtu anataka kukuona. Unasikia? Mtu.

Hamdani alikuwa anamimina kahawa. Akatikisa kichwa, akasema hata yeye mwenyewe alipokewa na mama huyo. Redio akamwambia kwamba mwenye jiko hana kura.

Wa kwangu alikuwa Mwalimu Anatoli Bukuru, na hapa lazima niseme jambo ambalo kijiwe walilijua lakini hatukuwa tukilitaja. Miaka mingi niliandika mabango bila kujua kusoma. Mteja ananipa karatasi, mimi nainakili kama mtu anayechora mbuzi. Siku moja Mwalimu alisimama mbele ya duka moja kule Buzebazeba, akaona nimezigeuza herufi mbili kichwa chini. Hakucheka wala hakumwita mwenye duka. Aliningoja nishuke kwenye ngazi, akaniambia: Ndugu yangu, mkono wako ni mzuri, njoo jioni tuupe macho. Nikaenda jioni zote za mwaka mzima. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili. Mtu huyo nitamshukuru mpaka nizikwe, na nilitaka jina lake niliandike kwa mkono ule ule alioupa macho.

Niliwaambia hivyo, nikadhani nimemaliza ubishi. Redio akakohoa.

Redio: Sasa tuulize. Kwa nini wote watatu ni Bukuru? Si bure. Mle ndani ya tumbo wapo wawili, njia moja. Wa kwanza anafungua njia. Huyo ni kichwa cha treni. Ukishazoea kutangulia, unatangulia mpaka unakufa.

Kasia: Miye naona ni ziwa. Wote watatu walizaliwa karibu na maji.

Mimi: Mwalimu alizaliwa Heru, kwenye milima.

Kasia: Basi mvua. Mvua si maji?

Redio: Sikilizeni. Kama ningekuwa na uwezo, wakuu wa wilaya wote wangekuwa kina Bukuru. Mabwana shamba, Bukuru. Gari moshi, Bukuru. Hata yule wa kwanza kukanyaga mwezi, nendeni mkaulize kwao vizuri. Lazima ni pacha.

Kasia: Na yule wa pili aliyeshuka?

Redio: Wa pili alibeba mizigo.

Tulicheka mpaka Hamdani akamwaga kahawa jikoni, majivu yakaruka. Hatukumwona mama aliyekuwa amesimama barabarani, kikapu kichwani, miguu ina vumbi jekundu la safari ndefu. Alikuwa wa makamo yetu. Akatusalimu mwidiwe, kwa Kiha, nasi tukamwitikia. Akasema ameambiwa hapa ndipo pana mwandishi wa bango la darasa. Nikamwambia ni mimi, na kwamba ubao ndio huo umeegemezwa ukutani, tunangoja tu kupatana Bukuru yupi.

Akashusha kikapu. Akauangalia ubao kwa muda.

— Mmetaja watatu, akasema. Nimewasikia tangu pale kwenye kona. Kila mmoja alizaliwa na mwenzake. Hao kina Butoyi wao ni akina nani?

Butoyi ndilo jina la pacha wa pili, hata Kasia ambaye si Muha analijua. Huwezi kuwa na Bukuru bila Butoyi. Redio, ambaye habari hazimpiti, hakumjua Butoyi wa Kalisti. Kasia hakumjua wa Melania, mkunga aliyeingia nyumbani kwake mara saba. Mimi niliyekaa na Mwalimu mwaka mzima, nikala kwake, nikamzika, sikuwahi kumwuliza.

— Mama, tusamehe, nikasema. Wewe unamjua mmoja wao?

Hamdani alikuwa ameshanyanyuka kumpa kigoda chake. Mama akakaa, akapokea kikombe kwa mikono miwili.

— Mimi ni Marsiana Butoyi, akasema. Anatoli alinitangulia kidogo tu, mama yetu alisema maji ya moto hayakuwahi hata kupoa. Shule ya misheni ilipokuja, baba alikuwa na pesa ya sare moja tu. Akasema aende aliyetangulia. Mimi nikashika jembe. Nililima shamba lake na langu, yeye akasoma.

Redio akamwuliza kwa upole, upole ambao siujui anautoa wapi, kama hakuona uchungu.

— Niliona. Nililia siku tatu. Lakini kila likizo alipokuja alinikalisha nyuma ya nyumba, akachora kwa kijiti chini, akasema mimi ndiye darasa lake. Nikikosea alinicheka. Nikamwambia, ukinicheka sisomi. Akaacha. Tangu hapo hakumcheka mtu.

Nilikiweka chini kikombe changu. Nilikuwa nimemshukuru Mwalimu miaka yote kwa sababu hakunicheka siku ile, nikidhani ni tabia aliyozaliwa nayo. Kumbe alifundishwa, na aliyemfundisha alikuwa amekaa kwenye kigoda cha Hamdani na miguu yake ya vumbi, ametembea kutoka Heru kuja kuona kama ndugu yake ameandikwa. Nilimwambia hapo hapo mbele ya watu, machozi yananitoka: Mama, ahsante. Akaniuliza ahsante ya nini.

Nikachukua kopo. Redio akasema haya, andika Anatoli, mimi nimeshindwa. Kasia naye akasema andika. Nikapiga goti mbele ya ubao, nikapima kwa vidole ile sehemu iliyo wazi. Nikamtazama mama, nikatazama sehemu ile, nikaanza kuandika. Herufi zilibanana, na rangi ya herufi ya mwisho niliipata kwa kukwangua kopo.

Adhana ilikuwa inaanza Pastory alipotokea. Akasimama nyuma yetu, akasoma, akauliza mbona jina hili halikutajwa mkutanoni. Redio akamjibu kwamba hapo wamo Kalisti, Melania na Mwalimu, wote na wenzao, na asiyetaka akabishane na ziwa. Pastory akasoma tena. Akavua kofia.

Mama Marsiana alinyanyuka, akausogelea ubao, akafuata herufi kwa kidole bila kugusa rangi, akisoma kwa sauti ndogo.

— Butoyi na Bukuru.

Akageuka.

— Umenitanguliza, akasema.

— Nafasi iliyobaki ilikuwa ya mbele, mama, nikamjibu.