Kata, Nakupigia

"Mteja anayebipu si mteja. Ni mtu anayetafuta mazungumzo ya bure." Maneno hayo yalitamkwa kwenye kikao cha mauzo miaka tisa iliyopita, kwa kujiamini kabisa, na yakapigiwa makofi. Ni upuuzi mtupu. Mtu aliyethibitisha kwa kazi ya mikono yake kwamba ni upuuzi anastaafu kesho, Ijumaa tarehe thelathini, baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha majiko kwa miaka thelathini na mmoja. Aliyeyatamka ni mimi, mkuu wa idara ya matangazo, niliyeombwa kuandika wasifu wake.

Wengi wenu hamlijui jina lake la kwenye faili. Kwenu ni Nakupigia tu. Aliajiriwa kama karani wa mapokezi, na simu za mkononi zilipoingia akapewa kazi ambayo hakuna aliyeitaka: kusikiliza wateja. Alipewa pia kile chumba chembamba kati ya stoo na choo cha wageni. Mle ndani kuna meza moja, viti viwili na simu tatu ndogo za vitufe zilizopangwa mstarini kama wanafunzi. Simu ikilia mara moja ikakatika, anaipigia namba ile papo hapo. Mteja mgeni asiyejua utaratibu akikaa hewani, anamwambia, "Kata, mpenzi, nakupigia. Usimalize salio."

Kulikuwa na fundi baiskeli aliyebipu kila Jumatatu bila tatizo lolote la jiko. Tulimtania Nakupigia kwamba amepata mchumba. Alitujibu, "Nyie chekeni. Mimi namuuliza habari za mkewe. Jiko likiharibika, mke ndiye atakayejua kwanza, na tayari ananifahamu."

Idara yangu ilipoamua kwamba jiko jipya liwe na mshikio mfupi, kwa sababu unapendeza pichani, yeye alituma ujumbe kwa wateja: anayetaka mshikio mrefu abipu namba hii, mfupi abipu namba ile. Kupiga kura hakukumgharimu mtu hata senti. Kwa siku mbili simu moja ililia hadi ikapata moto, na nyingine ikakaa kimya kama mkwe ugenini. Alinipita koridoni akaniambia, "Mdogo wangu, picha haipiki." Mshikio ukawa mrefu. Nilinuna wiki nzima.

Sasa nieleze jambo ambalo hafla hii ingependa nilipite kimya.

Mwaka ule ule wa kikao, alipokwenda likizo kumuuguza mama yake, niliagiza kila namba inayobipu zaidi ya mara tatu kwa siku ifungiwe. Niliuita mpango huo usafi wa laini. Zilifungiwa namba mia mbili na kumi na mbili. Aliporudi aliomba orodha, akafunga mlango, akaanza kuzipigia moja moja. Hakuniomba ruhusa. Siku ya pili aliniita chumbani kwake, akaweka simu kwenye spika, akanionyesha kiti kwa kidole.

Aliyekuwa akizungumza ni mpishi wa shule. Mguu wa jiko lake kubwa ulikuwa umelegea. Alibipu mara kumi na tisa ndani ya siku nne. Siku ya tano jiko liliinama, na sufuria ya maji yaliyochemka ikammwagikia mkono wa kulia. Hakutukana. Afadhali angetukana. Alisema, "Nilibipu mpaka nikadhani mmehama, mwanangu. Nikasema basi, nitaliegemeza kwa tofali." Hakujua kwamba nipo. Nilikaa pale nikiangalia viatu vyangu, na sikufungua mdomo.

Nakupigia alifungua. Alimwomba radhi kwa niaba ya kiwanda, kisha akawauliza wateja wengine wangefanyaje na mguu ule. Mchomeleaji wa mageti alimweleza kwa simu namna ya kuiunganisha miguu yote kwa pete ya chuma chini. Mama mwenye mgahawa akatuma picha ya jiko lake, ambalo tayari alikuwa amelifunga hivyo kwa waya. Pete ile iko leo kwenye kila jiko kubwa linalotoka getini kwetu. Walioibuni ni watu wa kubipu.

Mwaka uliofuata tulipata tuzo ya kuwashirikisha wateja kwa simu za mkononi. Aliyepanda jukwaani na suti mpya ni mimi. Nilisema "ubunifu wa idara yangu". Yeye alikaa safu ya nyuma, na simu ilipolia mara moja mfukoni mwake, alitoka nje kuipigia. Tuzo ipo kabatini kwangu. Kesho naihamishia kwenye meza yake, nikiwa nimechelewa miaka minane.

Dada, asante. Asante hata kwa kile kidole. Tunakuombea siku ndefu zenye afya, mama yako azidi kupata nafuu mikononi mwako, na simu yako ilie kwa habari njema tu.

Nimalizie kwenu, Mkurugenzi na wakuu wenzangu watatu. Tumetia saini, na saini yangu ni ya kwanza, kwamba kuanzia Jumatatu namba zile tatu zitapokelewa na mashine itakayosema "wewe ni wa thamani kwetu". Mashine hiyo itapokea kabla mteja hajakata, imle salio, kisha isimpigie. Mpishi wa shule bado anatumia jiko letu, na namba anayoijua ni ile ile. Mimi nimefuta saini yangu. Futeni za kwenu leo, kabla hamjakata keki, Nakupigia mwenyewe akiwaona. Kisha Jumatatu saa mbili asubuhi njooni mle chumbani, mmoja mmoja kwa zamu. Kiti kipo. Simu italia mara moja na kukatika. Pigeni.