Chuma Kinacholia Ukungu Ukishuka

Jumanne ya tarehe tisa Juni, saa tisa alasiri, ndipo nyumba hii ilipohamwa na mimi nikiwa bado ndani. Sikilizeni wanangu, polepole kama ninavyosema, maana pumzi yangu sasa ni ya kuokoteza. Mama yenu alikuwa kwenye mtambo wake wa kufumia, blanketi la sufu limefika nusu, akasema mkono umekufa ganzi. Nikamlaza hapahapa nilipolala, na kabla sijamfunika vizuri, ukungu ukashuka.

Desturi yake mnaijua. Wageni wakipanda kutazama maporomoko, alifuma huku sikio liko nje. Ukungu ukigusa paa, aliacha uzi akaenda kugonga kile kipande cha reli kinachoning'inia mlangoni, mpaka wa mwisho ashuke kwa kufuata mlio. Wakimtania, "Mama Kengele, shule imefungwa?" aliwajibu, "Imefungwa, na watoro ndio nyie."

Siku ile kulikuwa na watu juu, na mkono wangu umeshikwa na mke wangu. Sikuuchomoa. Mara nikasikia chuma kinalia. Ni jirani yetu mpasua mbao, yule tuliyenuniana naye kwa ajili ya mpaka tangu mkiwa wadogo, ameacha msumeno wake anagonga. Muungwana ni vitendo. Mama yenu akatabasamu: "Anagonga haraka mno. Mwambie apunguze." Hayo yakawa maneno yake ya mwisho. Wageni wakashuka wote. Yeye akaenda peke yake.

Kwa hiyo ukuta wa jirani ubaki ulipo, asitokee wa kufukua ugomvi niliokwisha kuuzika. Binti yangu, mtambo ni wako. Blanketi lile limalizie, usilifumue. Nawe kaka mtu, vyumba vya wageni ni vyako, lakini watu wa hoteli wakija na maneno matamu waambie nyumba haiuzwi, kwani kitu cha kwanza watakachoondoa ni hicho chuma, eti kinapiga kelele. Kitinda mimba wangu, kondoo ni wako, na malisho yao.

Tangu siku ile nimegonga mimi. Wanaoshuka hushukuru wakaenda zao, nami hurudi ndani kuusikiliza mtambo uliokaa kimya. Leo mmejaa chumbani, na bado nasikia kimya kile. Sitaki mnililie, nataka mmoja wenu arudi kuishi hapa. Simtaji. Ajitaje.

Mbona dirisha limekuwa jeupe? Ukungu huo. Na juu... wapo watu juu...

Kiti cha kitinda mimba ki wazi. Kaenda... Haya, nasikia. Mwambieni apunguze, mama yake hakupenda haraka.

Radhi zangu nawaachia nyote. Inamisheni vichwa. Ee Mola, mrehemu mja wako, mke wangu, aliyewaita wengi wakafika salama. Mpokee mlangoni, umwangazie kaburi lake, nasi tunaomfuata usituache ukunguni. Amina.