Numerius Vettius, Mwenye Shamba la Mtini

Marehemu Numerius Vettius alizaliwa hapa Reate siku tatu kabla ya Ide za Machi, mwaka wa nane tangu Karthago ichomwe. Walizaliwa wawili tu, yeye na dada yake, ambaye ndiye mama mzazi wa Sextus Ofanius anayewasomea wasifu huu. Baba yao alimwachia Numerius nyumba ya udongo, punda mmoja, na lile shamba dogo lenye mtini. Shuleni hakwenda. Herufi alijifunza kwa kutazama mawe ya makaburi barabarani akichunga mbuzi, ndiyo maana maneno aliyoyajua vizuri kuliko yote yalikuwa "hapa amelala".

Alimwoa Herennia, binti wa msokota kamba, akiwa na miaka kumi na tisa. Mwaka uliofuata akaitwa jeshini, maana mwenye shamba, hata liwe dogo namna gani, huitwa, na silaha hujinunulia mwenyewe. Alipigana Makedonia miaka sita. Aliporudi, mwanawe Statius alijificha nyuma ya mama yake akauliza, "Mama, huyu mgeni anaondoka lini?" Marehemu alipenda kulisimulia hilo huku akicheka. Herennia hakulicheka hata siku moja.

Ikafika sensa, na vita vya Afrika vilikuwa vinameza watu. Marehemu alijua akiandikwa tena na shamba, ataitwa tena. Wasio na kitu hawakuitwa. Waliandikwa vichwa tu, basi. Mume wa dada yake, Titus Ofanius, ndiye aliyempa wazo.

"Shemeji, nipe shamba kwa jina tu. Mimi na mguu huu mbovu, nani atanipeleka vitani? Sensa ikipita nakurudishia."

Wakaitwa mashahidi watano na mshika mizani. Ofanius akagonga mizani kwa kipande cha shaba, kama ada ilivyo, na shamba likawa lake. Marehemu akatembea siku mbili hadi Roma, akaapa mbele ya karani.

"Una nini?"

"Sina kitu, bwana."

"Hata kuku?"

"Alikuwapo, bwana. Tumemla njiani."

Karani akacheka, akaandika kichwa kimoja. Marehemu alirudi anaimba. Majirani wakambandika jina la Kichwa, naye akawa anaitika.

Baada ya hapo alikwenda kwa shemeji yake na mtungi wa divai. Ofanius akainywa divai yote, akafuta mdomo, akauliza, "Shamba lipi?"

"Acha utani, shemeji."

"Basi kawaambie watu wa sensa kwamba uliapa uongo. Anayewaficha mali unajua wanamfanyaje? Wanamuuza kama mbuzi. Nenda, mlango huo hapo."

Sextus alikuwepo, ndevu zimeshamwota, anatafuna zeituni. Hakufungua kinywa ila kwa kutema kokwa.

Marehemu akawa kibarua kwenye shamba lake mwenyewe, hadi Ofanius alipomwambia hana kazi naye tena. Na loo, dunia hii! Mwaka uleule konsuli mpya, mkuu wa Roma na majeshi yake, akatangaza jambo ambalo wazee wetu hawakupata kuliona: anawachukua vichwa, silaha juu yake, chakula juu yake, anayetaka aje. Nyumbani kwa marehemu kulikuwa hakuna hata dengu.

Herennia alimfuata hadi njiani. "Baba Statius, si ulilitoa shamba ili usiende? Sasa unakwenda kwa kuwa huna shamba?"

"Nifanyeje, mama? Nimebanwa huku, nimebanwa huku."

Alitumikia miaka sita mingine, miwili Afrika na minne kaskazini. Alirudi na sikio moja lisilosikia na kikohozi. Walipomgawia ardhi Afrika aliikataa, akasema shamba analo, lina mtini. Watu walimwona juha. Kila msimu wa tini aliketi juu ya ukuta wa mpaka, na hakuchuma hata moja. Alikula zilizodondokea barabarani. "Za barabarani ni za mpita njia," alisema.

Ofanius alifariki kipupwe kilichopita, na shamba likamwangukia Sextus. Marehemu alikuja matangani, kifua kimeshambana, akakaa mpaka watu wakatawanyika.

"Mpwa wangu, nawe wasemaje?"

"Mjomba, ngoja tuvune kwanza."

"Haya. Kungoja nimekuzoea."

Sextus hakukusudia kumdhulumu. Ngano ikavunwa, ikapurwa, ikaingia ghalani. Kisha kulikuwa na paa la kuziba, kisha ng'ombe akazaa, na kila siku alisema kesho. Siku ya tisa tangu ngano iingie ghalani, asubuhi ya Nones za mwezi wa Sextili, marehemu alimwuliza mkewe, "Wamemaliza kuvuna?"

"Wamemaliza."

"Sextus amekuja?"

Herennia si mtu wa kusema uongo, hata kwa mgonjwa. Marehemu aligeukia ukutani, na kabla jua halijapanda alikuwa ameshatutoka. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu.

Ameacha mjane, Herennia, mwana, Statius, dada yake, na mpwa wake, ambaye ni mimi. Mimi ndimi niliyesema ngoja. Naona aibu, jamani, na nimeandika wasifu huu kama habari za mtu mwingine kwa sababu nilishindwa kuandika "mimi".

Walioandikwa vichwa hutupwa shimo la watu wote nje ya mji. Mjomba haendi huko. Kaburi mnaliona, liko chini ya mtini. Mizani ile pale, na mashahidi watano nimewaita kwa majina, wamesimama. Statius, ndugu yangu, shika hii shaba, gonga. Kama hunisamehi, gonga hivyo hivyo. Na sensa ijayo karani akikuuliza una nini, mwambie.

Mjomba, nimechelewa. Lala kwako.