Marehemu Fazal, Aliyepona Akakuta Nyumba Si Yake

Jamaa na majirani, mliotoka Shela, Ganda na hata Matsangoni, mimi Kitsao, mlamu wa marehemu, nimeagizwa na dada yangu Kadzo niyasome maisha ya mumewe kama yalivyokuwa, bila kuyapamba.

Marehemu Fazal alizaliwa hapa Shela, Malindi, tarehe 4 Mei 1858, kwa wazazi waliotoka Bara Hindi, akasoma chuoni hadi akahitimu Kurani, akafungua duka la nguo na majembe mwaka 1880, akawa anafuata mahindi Ganda, na huko ndiko alikomwona Kadzo, akaanza kuja kununua mahindi hata msimu usio na mahindi. Walioana tarehe 9 Juni 1889, Mungu akawajalia mabinti wawili, Mwanakombo na Mwanaisha, wa kiume hakupatikana, na hapo roho yake ikakosa raha, maana alijua akifa, nduguye Yakub wa Mombasa ataingia katika mirathi, nyumba itauzwa wagawane, na dada yangu na wanawe watatoka na mikeka kwapani.

Januari 1907 homa ilimwangusha, hata kuagana tukaagana naye, akamwita kadhi na mashahidi, akaiweka nyumba na shamba la minazi wakfu kwa mkewe na mabinti, msimamizi akiwa Kadzo mwenyewe, mali isiyouzwa, isiyorithiwa, wala aliyeitoa hawezi kuirudisha. Kisha, jamani, akapona!

Haikupita wiki alikuwa uani akifoka, nani kaangusha madafu bila ruhusa, na Kadzo, ambaye hana maneno mengi, akamjulisha kuwa aliyeruhusu ni msimamizi. Tangu hapo marehemu aliishi mgeni kwake mwenyewe, akipiga hodi kwa kuudhi watu tu, akiomba rukhsa ya kupigilia msumari, mara akinuna anahamia dukani na mto wake, chakula kikiiva anarudi. Nilipomcheka aliniambia nami nikiugua nisiwe na haraka ya kumwita kadhi.

Mwanzoni mwa mwaka huu mwili ulimvimba, pumzi ikawa shida, akamwita tena kadhi, na dada yangu akasimama nyuma ya mlango, akidhani mumewe anataka kuuvunja wakfu. Kumbe alitaka kujua kama Yakub anaweza kuuvunja, kwa kuwa aliuweka akiwa mahututi. Kadhi akamjibu kuwa laiti angekufa kwa homa ile, nduguye angekuwa na haki ya kuukataa, lakini maadamu aliinuka akaishi, wakfu umetimia wote, hakuna wa kuugusa. Marehemu alicheka mpaka akapaliwa, akasema basi hakununa bure miaka yote hiyo, na dada yangu akalia kwa sauti huko nyuma ya mlango. Alifariki Alhamisi, tarehe 12 Februari 1914, baada ya alasiri, mkono wake u mkononi mwa mkewe.

Tunamshukuru daktari wa serikali, majirani waliochimba kaburi juani, na wenzake wa biashara, hasa Bwana Bhikhubhai aliyefunga duka kwa ajili yetu. Bwana Yakub, pole kwa msiba wa nduguyo, tumeona umefika pamoja na dalali, naye karibu, avue viatu, ale nasi, kisha arudi kwao salama, kwani Kadzo yumo ndani ya nyumba hii akikaa eda, na eda ikiisha hana pa kuhamia wala sababu ya kuhama. Fazal, mlamu wangu, Mungu akulaze pahali pema, wanao wana pa kulala.