Kikofia na Sufuria ya Mama Mkwe

Nilisikia mwiko ukigonga ukingo wa sufuria kabla sijamwona mama mkwe. Wenzangu wa kufa na kuzikana, hapo hapo nilijua nimekwisha.

Nilikuwa nimetoka Munisagara, nalala kwake Mikumi ili alfajiri nipande basi la Morogoro. Kwa miezi mingi nilikuwa naona damu chooni. Niliwaambia watu ni bawasiri, nikanywa mizizi, huku nikijua baba yangu alianza vivyo hivyo na tukamzika. Hospitalini walitaka kupitisha kamera wautazame utumbo mpana. Sharti lilikuwa nisile siku nzima, ninywe dawa ya kuusafisha.

Sasa niambieni, nani hapa amewahi kukataa kuku wa mama mkwe? Nilikula. Na ugali nikaongezwa.

Kesho yake daktari alitazama kidogo, akaichomoa kamera. Alichokiona ni ugali wa watu. Akanipangia siku nyingine.

Safari ya pili nilimwamkia mama, akaitikia marahaba, akainjika sufuria. Nikapiga moyo konde.

"Mama, leo usinipikie."

"Chakula changu kimekuwa sumu, baba?"

"Natoa damu chooni, mama. Kesho wanapitisha kamera huko huko."

Alijifunika uso kwa khanga. Ndugu zangu, nilitamani ardhi inimeze. Kisha akaepua sufuria.

"Basi tutashinda njaa wote," alisema. Tukanywa chai ya rangi, yeye na mimi, hadi tukalala.

Safari hii daktari aliivisha ncha ya kamera kikofia laini chenye vijiti vyembamba pembeni. Alinieleza kwamba utumbo una mikunjo kama pazia. Kamera inaporudi, vijiti vile huikunjua, kilichojificha nyuma kikaonekana. Nami nikakiona kwenye skrini: kinyama chekundu, kama punje ya hindi. Akakikata palepale. Baadaye maabara wakasema hakijawa saratani. Hakijawa, ndugu zangu. Nililitafuna neno lile kama mua.

Namshukuru daktari na muuguzi aliyenishika bega. Zaidi namshukuru mama mkwe, aliyekubali kuibeba aibu yangu. Nawaambia, mkiona damu, msiipe jina la ugonjwa mnaoupenda. Nendeni, na waambieni wanaowapikia.

Siku ya majibu nilimuaga daktari, nikanyoosha shati. Baba yangu hakuipata siku kama ile. Nikatoka kifua mbele, na mlango ukafungwa nyuma yangu.