Kilichokuwa Mikononi mwa Jitu

Pale Kettle Creek, Oklahoma, benchi la mbele ya mgahawa wa Loretta halipoi. Asubuhi Vernon, wanayemwita Tairi maana kazeeka akiuza matairi, keshakaa; Delbert naye, Kimbunga, ambaye hakuna upepo uliowahi kuvuma yeye asiuone, anamsukuma ajisogeze. Kahawa inamiminwa, midomo inaanza. Na siku hiyo, jamani, palikuwa na kesi! Ng'ambo ya Barabara ya 66 lile jitu lao, sanamu ya plastiki ngumu, refu kupita paa la kanisa, limenyoosha mikono mitupu. Upepo wa majuzi umeondoka na kitu lilichoshika. Fundi yuko njiani kuja kuweka kingine, na Loretta hataki kosa: tangu barabara kuu mpya iwapite kule nyuma, wageni wanakata kona kwa ajili ya jitu tu, ndipo njaa inawakumbusha mgahawa.

— Semeni upesi, Loretta akasema, birika mkononi. Lilishika nini? Hivi lilivyo kama linaomba lifti!

— Tairi, akasema Tairi.

— Ungesema nini kingine, mzee! Kimbunga akacheka. Ilikuwa roketi. Niliiona inapaa. Haijashuka mpaka leo.

— Roketi ina masharubu? Tairi akadakia. Kile kitu kilikuwa na masharubu.

— Basi kambare.

— Kambare kang'ata tairi!

— Kambare ndani ya roketi!

— Nyie! Loretta akafoka. Miaka yote mnatazamana nalo!

— Na dirisha la jikoni kwako linatazama wapi, bibi wee?

Loretta alikumbuka pai la tufaha, linafuka moshi. Lakini hakuwa na hakika kama anakumbuka jitu au anakumbuka chakula cha mchana.

Likasimama gari la wageni, mume, mke na watoto. Yule mama, kamera ya kutema picha papo hapo shingoni, akawasikiliza, akauliza:

— Kwani picha yake ya zamani hamna? Si mngeangalia tu?

Weee! Tairi akachungulia kikombe. Kimbunga akatafuta roketi yake mawinguni. Loretta kawapigia wageni picha mpaka kidole kikaota sugu, na zote zimeondoka na wageni. Nani anapiga picha kitu cha mlangoni kwake?

— Basi tupigie na sisi, mama akasema. Na hawa wazee waje!

Wakapangana miguuni mwa jitu. Loretta akapokea kamera na, kama kawaida yake, akasogea mbele, akasogea tena, sura zionekane.

— Meno nje!

Kamera ikatema. Fundi akawa kafika, ngazi begani, akainyakua picha aone mikono ilivyokaa. Meno yote yamo, mpaka pengo la Tairi. Jitu limeishia magotini.

Loretta akacheka mpaka akashika mguu wa jitu.

— Viatu nimeviona, akasema fundi. Mikononi niweke nini?

— Pai, akasema Loretta, akifuta machozi.

— Pai! wakaruka wale wawili.

— Anayebisha alete picha, akasema Loretta.